Kipupwe juu ya Mto Ruvuma

Mwezi huu twawaandikia kwa vidole vilivyokufa ganzi, maana kipupwe kimeshika juu ya uwanda wa Makonde. Asubuhi hatuuoni hata mkorosho ulio mbele ya mlango. Ukungu umelala juu ya nyumba, umande wadondoka toka kwenye mabati kana kwamba mvua ilinyesha usiku kucha, na watoto waendao shule wamejifunika kanga za mama zao mpaka puani. Wageni watokao pwani hustaajabu sana. Huja na nguo nyepesi, wakidhani ya kuwa kusini kote ni joto; usiku wa kwanza huomba blanketi, na usiku wa pili huomba la pili.

Ndugu zetu wa Masasi, wakaao chini kati ya vilima vya mawe vya Mtandi na Mkomaindo, nao waijua baridi hii, lakini kwao jua likipanda mtu huvua koti mapema. Sisi wa Newala tu juu, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa kusi hupanda genge ukatupiga usoni bila kizuizi.

Katika miezi hii ya Juni, Julai na Agosti tunayo desturi moja ambayo twapenda kuwaeleza. Kazi ya asubuhi ikiisha, na ukungu ukianza kupanda, twatembea mpaka ukingo wa genge, mahali paitwapo Shimo la Mungu. Hapo nchi hukatika ghafula. Macho hushuka kwenye misitu ya bondeni, yakaenda mbali, na siku iliyo safi huuona mto Ruvuma, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Watu husimama hapo kimya wakitazama. Apitaye njiani asiyejua husema, "Hawa hawana kazi." Twataka kuwaonyesha ya kuwa kuutazama mto ni kazi, na kungoja kwa macho yaliyo wazi si uvivu. Sisi wenyewe tulijifunza neno hili kwa hasara, kama tutakavyosimulia.

KWA NINI WAZEE WALIKAA JUU

Wazee wa Kimakonde husimulia ya kuwa hapo kale alikuwapo mtu mmoja peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa. Siku moja akachonga mti, akafanya sanamu ya mwanamke, akaisimamisha karibu na makao yake. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mke wake. Wakashuka Ruvuma kuoga, na huko mke akazaa mtoto mfu. Wakahama, wakaenda bonde la Mbwemkuru, na huko pia akazaa mtoto mfu. Ndipo wakapanda juu uwandani, upande wa Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Basi baba yao akawausia watoto wake wasijenge kamwe karibu na mito mikubwa, maana mabondeni ndiko yaliko magonjwa na mauti. Hadithi hii iliandikwa pia na mtaalamu Mjerumani, Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906.

Hatuwaambii msadiki ya kuwa mti uliochongwa waweza kuzaa. Lakini wosia uliomo ndani ya hadithi ulikuwa na maana. Bondeni kuna mbu wengi waletao malaria, kuna mafuriko ya masika, na zamani za vita bondeni ndiko walikopita maadui. Watu wa Masasi hawajasahau mwaka 1882, Magwangwara walipoivamia misheni wakaua watu na kuchukua mateka. Juu ya uwanda, ndani ya vichaka vizito, mtu aliweza kujificha.

Bei ya usalama huo ilikuwa maji. Uwanda wetu ni wa mchanga. Mvua inyeshayo huzama chini kabisa, na chemchemi hutokea kwenye miguu ya genge tu. Mama zetu waliamka usiku, wakashuka na mitungi, wakapanda nayo kichwani, na maji ya kunawa uso yalihesabiwa kwa kata. Katika miaka ya 1950 ulianza mradi wa kupandisha maji kutoka bondeni kwa mashine, na wengi wakapata mabomba. Hata hivyo, siku za bomba kavu bado twazijua. Basi mfikirieni mtu aliyesimama ukingoni mwa Shimo la Mungu, kinywa chake kikavu, naye anauona mto ule mkubwa uking'aa kule chini. Wamakonde wamejifunza kuutazama mto kwa mbali tangu babu zao. Huutamani, na huuogopa.

MTO WAKATI WA BARIDI

Ruvuma huanza katika milima ya Matagoro karibu na Songea, hushuka yapata kilomita 800, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo ndio mpaka wetu na Msumbiji. Ng'ambo hupokea mto mkubwa wa Lugenda, kisha huendelea mpaka bahari ya Hindi. Wakati wa masika huwa mpana, mwekundu, wenye magogo na povu. Wakati wa kipupwe hubadilika kabisa. Maji hushuka, yakawa safi, na visiwa vya mchanga mweupe hutokea katikati, leo hapa na kesho pale.

Hapo ndipo viumbe huonekana. Furukombe hukaa juu ya mti mkavu na kulia sauti yake itambaayo mbali. Yangeyange husimama majini kwa mguu mmoja. Kingo za udongo zina matundu mengi kama chujio, na baridi ikielekea kwisha ndege wekundu walao nyuki huja kwa makundi wakafanya viota humo. Tembo huvuka kwa miguu kutoka nchi hii kwenda nchi ile, wala hawaulizwi hati na mtu. Viboko hujikusanya kwenye vina vilivyobaki. Mamba hulala mchangani, kinywa wazi, wakiota jua, kwa kuwa damu yao haiwezi kujipasha joto yenyewe. Naam, katika kipupwe hata mamba hulitafuta jua kama bibi kizee.

Mchanga huo ndio uliowashinda wenye meli. Mwaka 1861 Dk. David Livingstone aliingia mto huu kwa meli ya mvuke iitwayo Pioneer, naye Askofu Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa misheni yetu ya Vyuo Vikuu, alikuwa pamoja naye. Walitumaini ya kuwa Ruvuma ungekuwa njia kuu ya kufikia Ziwa Nyasa. Wakapanda yapata maili 30 tu. Maji yakaanza kupungua, nao wakaogopa kukwama mpaka masika mengine, wakageuza meli. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, Livingstone akarudi na mashua za kupiga makasia. Wakazikokota juu ya mchanga mara nyingi, wakapanda mbali zaidi, mpaka miamba ikawazuia, wakageuka tena. Mwaka 1866 alipokuja safari ya mwisho, aliujaribu tena mlango wa mto, akauacha, akashuka Mikindani na kwenda bara kwa miguu.

Tangu hapo hakuna meli kubwa iliyoufanya mto huu kuwa njia yake. Vyombo vyake ni mitumbwi ya gogo moja, isukumwayo kwa upondo. Karibu na bahari, Kilambo, kimepata kuwapo kivuko cha kupitisha magari, nacho kilingoja maji ya bahari yajae ndipo kiondoke. Na juu zaidi, Mtambaswala, lipo Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010. Avukaye darajani haulizi habari za mchanga. Lakini walio mbali na daraja bado huuliza, na sisi ni miongoni mwao.

ASUBUHI YA UKUNGU

Miaka mingi imepita sasa. Ilikuwa mwezi wa Julai, habari ikaja ya kuwa mama mkwe wetu, aliyekaa ng'ambo ya mto, ameshikwa na homa ya mapafu, naye anamwita binti yake. Wengi wa huku wana ndugu ng'ambo. Zamani za Wareno watu walivuka wakikimbia kazi za shuruti, na wakati wa vita vya ukombozi, tangu 1964 hata 1974, walivuka tena kwa maelfu. Mpaka wa serikali haukuukata udugu.

Tukaondoka sisi na mama wa watoto wetu, pamoja na mpwa wetu, mwana wa dada yetu, mvulana wa miaka saba. Wasomaji wajua ya kuwa kwa mila ya Kimakonde mpwa ni dhamana ya mjomba wake. Akipotea, mjomba ndiye aulizwaye. Tulichukua blanketi mbili na dawa ambazo mganga wa zahanati alitupa, akatueleza vipimo vyake. Tukashuka genge, tukalala kijiji cha bondeni, na kabla ya mapambazuko tulikuwa ukingoni.

Ukungu ulikuwa mzito hata tukausikia mto bila kuuona. Mzee mmoja mvushaji alikaa kando ya moto mdogo, mtumbwi wake umepinduliwa nyuma yake. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, Mwalimu. Karibuni moto." Tukamweleza haja yetu. Akasema, "Nimesikia, na poleni. Ketini. Ukungu ukiondoka nitawavusha."

Tukamwambia, "Mzee, mgonjwa hangoji ukungu."

Akajibu, "Mgonjwa hangoji, Mwalimu, lakini mamba hungoja."

Neno lile lilikuwa la hekima, nasi tulilisikia kama dhihaka. Yatupasa kuungama hapa. Tulikuwa tumezoea kusimama mbele ya watu na kusikilizwa. Tulidhani ya kuwa mtu asiyejua kusoma hawezi kutufundisha saa ya kuondoka. Mama wa watoto wetu alisema kwa sauti ndogo, "Baba, tumsikilize mzee." Hatukumsikiliza yeye pia. Tukamtafuta kijana mmoja mwenye mtumbwi, tukamwongezea fedha, tukaingia.

Katikati ya mto kijana akapoteza upande. Alidhani anakwenda kusini, kumbe mkondo ulikuwa umemgeuza. Mtumbwi ukapanda mchanga, ukakwama. Mpwa wetu, akitaka kusaidia kama watoto wapendavyo, akaruka nje, maji yakamfika kifuani. Wakati huohuo kitu tulichodhani ni gogo juu ya mchanga kikajisukuma, kikaingia majini bila sauti. Kijana akapiga kelele. Tukamshika mtoto mkono, tukamvuta kwa nguvu zetu zote, na kwa kumvuta tukaulaza mtumbwi ubavu. Blanketi zikaenda na maji. Mfuko wa dawa ukaenda na maji.

Tukasimama juu ya kisiwa cha mchanga kisichozidi upana wa ukumbi, mtoto katikati yetu, tukipiga makofi na kuyapiga maji kwa upondo ili mnyama asikaribie. Tulitetemeka kwa baridi na kwa hofu. Hatujui ilikuwa saa ngapi, ilikuwa ndefu. Kisha jua likatoka, na ukungu ukaondoka upesi, kwa muda wa kuiva ugali tu. Ndipo tukaona ya kuwa ng'ambo ilikuwa karibu sana, na ya kuwa njia ya maji marefu ilipita upande wa pili wa kisiwa, nyeupe, wazi, kila mtu angeweza kuiona. Mzee alikuwa anakuja kwa njia hiyo, taratibu, na wanawake wawili wachuuzi ndani ya mtumbwi wake. Hakucheka wala hakutulaumu. Alisema neno moja tu: "Ingieni."

Tukafika kwa mama mkwe mikono mitupu. Alikuwa hai, akamtambua binti yake, akauliza kwa nini nguo zetu zimelowa. Tukamjibu ya kuwa maji yaliingia mtumbwini, yaani tukamweleza nusu. Tukamtuma mtu arudi Newala kuleta dawa nyingine. Akafika nayo siku ya pili jioni. Mama mkwe alikuwa amefariki alfajiri ya siku ile.

Kama dawa ile ya kwanza ingalimponya, Mungu ajua, sisi hatujui. Lakini twajua jambo moja: kama tungalingoja kando ya moto wa mzee, dawa ingalifika mkononi mwake asubuhi ileile. Tulikimbilia kufika mapema, na mbio hizo ndizo zilizotuchelewesha. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nasi tulikuwa tumewafundisha watoto methali hiyo darasani. Kuijua kwa kinywa si kuijua.

MELI NA UKUNGU WETU

Mpwa wetu yule sasa ni mtu mzima, naye afanya kazi ya kupakia mizigo katika bandari ya Mtwara. Yeye ndiye aliyetufundisha kutazama vyombo vya bahari kama tutazamavyo mto. Sisi watu wa bara twaweza kudhani ya kuwa meli si habari yetu. Si kweli. Misheni ya Masasi yenyewe ilianza kwa safari ya majini: mwaka 1876 Askofu Edward Steere alisafiri kutoka Unguja hadi Lindi pamoja na watumwa waliokombolewa, kisha wakatembea mpaka Masasi wakajenga kijiji. Tena mwezi wa Machi 1916, wakati wa Vita vya Kwanza, meli moja ya Wajerumani, jina lake Marie, ilikwepa manowari za Waingereza, ikatia nanga katika ghuba ya Sudi ikiwa na mizinga na risasi. Na mizigo ile ilibebwa vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika. Ya baharini hutufikia, tukitaka tusitake.

Mpwa wetu hutupigia simu mara kwa mara, na katika kipupwe swali lake la kwanza ni hili: "Mjomba, ukungu huko ukoje?" Mtu angestaajabu: mpakiaji wa meli ana nini na ukungu wa Newala? Lakini swali ni la haki. Mikorosho hutoa maua katika miezi hii ya baridi. Ukungu ukikaa sana, na hewa ikawa baridi na nyevu, maua hupata ugonjwa uitwao ubwiriunga. Huonekana kama unga mweupe juu ya vichipukizi. Kisha maua hukauka na kuwa meusi, na korosho hazizaliwi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna yapata tani 145,000 za korosho. Miaka kumi na mitatu baadaye mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, kama watu kuhamishwa mbali na mashamba yao na bei kuwa ndogo, lakini ubwiriunga ulikuwa mmojawapo wa maadui wakubwa. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara, ndio waliowafundisha wakulima wetu kuupiga kwa unga wa salfa. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani, ili unga ushike.

Basi mkulima wa Newala naye ni mngojaji. Huamka gizani, hutazama angani, hupima upepo kwa kidole kilicholowa, hugeuza shada la maua na kulichungulia kwa taa. Akipiga salfa mapema mno, ni hasara. Akichelewa, ni hasara kubwa zaidi. Aonekanaye amesimama chini ya mkorosho bila kufanya kitu, pengine ndiye afanyaye kazi kuu ya mwaka.

Kuanzia mwezi wa Oktoba korosho huanguka. Familia nzima huokota, hukausha, hupeleka katika chama cha msingi, na kwa huku kwetu chama kikuu ni TANECU, cha Tandahimba na Newala. Magunia hushuka kwenda Mtwara, na hapo meli huja kuyachukua. Miaka mingi nyingi zimekwenda India. Gati la Mtwara lilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mpango wao wa karanga baada ya Vita vya Pili. Mpango ule ulianguka, na reli iliyokwenda Nachingwea ikafungwa mwaka 1962. Gati likabaki kungoja mzigo mwingine, na mzigo ukawa korosho. Mwaka ambao ukungu ulikuwa mkali, mpwa wetu huziona meli chache na mfuko wake huwa mwepesi. Mwaka mwema hulala bandarini. Ndiyo maana huuliza.

NCHI ZENYE MITO YA BARAFU

Siku moja alituambia habari aliyopewa na baharia mgeni, nasi twaileta kwenu kwa sababu yafaa. Katika nchi ya Kanada uko mto mkubwa, Saint Lawrence, upitao mji wa Montreal. Wakati wa baridi yao, ambao kwetu ni wakati wa joto, maji ya mto huo huganda, yakawa magumu kama sakafu. Zamani hakuna meli iliyoweza kupita miezi kadhaa. Wenye meli waliketi wakingoja, na watu wa mji walisimama ukingoni wakitazama kama chombo cha kwanza kinakuja. Tangu mwaka 1840 nahodha wa meli ya kwanza ya mwaka kufika kutoka baharini hupewa zawadi, nayo ni fimbo yenye kichwa cha dhahabu. Kwa msaada wa meli zivunjazo barafu, tangu mwaka 1964 bandari hiyo hupokea vyombo hata katikati ya baridi. Lakini watu wangali wanasimama ukingoni, wamejifunga manyoya, wakitazama meli na ndege wa majini.

Tuliposikia hayo tulisema: kumbe wao ni ndugu zetu! Mto wao huzuiwa na barafu, wetu huzuiwa na mchanga. Wao hungoja jua liyeyushe, sisi twangoja jua liondoe ukungu.

Tena barafu hiyo ya mbali hutuletea wageni. Mbayuwayu, ambaye hutufikia karibu na mvua za kwanza, huikimbia baridi ya Ulaya. Na katika miezi yetu ya kipupwe nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari ya barafu iliyo kusini kabisa ya dunia, wakaja kwenye maji yetu ya vuguvugu kuzaa. Tangu Julai hata Oktoba wavuvi wa Msimbati na Mnazi Bay huwaona wakirusha maji juu kama moshi. Mkubwa wao hupata mita 15. Yasemekana mama hali karibu chochote muda wote awapo huku. Huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini kule barafuni, akimnyonyesha mtoto wake mpaka apate nguvu ya kurudi. Mpwa wetu amewaona mara mbili. Alisema, "Mjomba, mama alikuwa ametulia kabisa, anamngoja mtoto apumue."

MANENO YA MWISHO

Wapenzi wasomaji, kipupwe kingali nasi. Yatupasa kuwakumbusha mambo machache kwa faida ya jamaa zenu. Wafunikeni watoto na wazee vizuri usiku, na akohoaye kwa kupumua upesi apelekwe zahanati siku ileile. Msilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa yake huua bila harufu. Apigaye salfa afunge kitambaa puani na mdomoni, na watoto wawe mbali. Na aendaye mtoni asivuke kabla ya kuiona ng'ambo.

Mzee yule mvushaji alifariki miaka michache baada ya safari yetu. Kabla hajafa tulishuka kumwomba radhi. Tulimkuta palepale kando ya moto wake, ukungu bado mzito. Tulipomaliza kusema, alisogeza kigogo tukakaa, akatupa kikombe cha uji. Tukangoja pamoja mpaka jua lilipotoka.